Alikataa Kuuzwa Kama Mbuzi wa Mnadani: Staa wa Besiboli Aliyewafungulia Wenzake Mlango, Yeye Akabaki Nje

Oktoba 1969, mjini St. Louis, Marekani, simu inaita nyumbani kwa jamaa mmoja wa miaka 31. Jamaa ameitumikia timu moja misimu 12. Ameipa ubingwa mara mbili. Ni mmoja wa manahodha wake. Anayepiga simu si mwenye timu, si kocha, ni mtu wa ofisini tu wa ngazi ya kati. Ujumbe wake ni mfupi: umebadilishwa, kuanzia sasa wewe ni wa Philadelphia.

Basi. Hakuna kikao, hakuna "unaonaje", hakuna hata kuitwa ofisini na kuagwa kwa heshima. Misimu 12 imeisha kwa simu moja.

Karibu wachezaji wote kabla yake walipopata simu ya namna hiyo walifanya mambo mawili. Walihama, au waliacha mchezo wakaenda kuuza duka. Huyu hakufanya hata moja. Alisema haendi, na akaenda mahakamani kuuliza swali ambalo mabosi hawakulizoea: hivi nyinyi mnanimiliki?

Jina lake ni Curt Flood. Ukilitaja kijiweni leo hakuna atakayegeuza shingo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Kuna watu wanalamba mamilioni kwa sababu ya jamaa huyu, na wengi wao hawajawahi kukaa hata dakika tano wakajiuliza alilipa nini.

KWANZA MJUE KWAMBA ALIJUA KAZI

Kuna kasumba moja mitandaoni. Mtu akigombana na bosi wake, watu wanakimbilia kusema "ameshuka kiwango, anatafuta kiki". Kwa Flood hiyo haisimami.

Kwa ambaye besiboli haijui, chukua hivi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Nyuma kabisa uwanjani wanasimama watu watatu wenye glavu, na kazi yao kubwa ni kuudaka mpira hewani kabla haujagusa chini. Anayesimama katikati ya hao watatu ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote. Anatakiwa awe na mbio, jicho, na akili ya kujua mpira utaangukia wapi wakati bado uko juu. Hapo katikati ndipo Flood alipofanyia kazi.

Alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1938, akakulia Oakland, California, katika familia ya watoto sita. Mwaka 1956 akasaini na Cincinnati Reds kwa dola 4,000. Reds wakampeleka ligi ya chini kule North Carolina, na huko kijana wa Oakland akakutana na Marekani ambayo hakuizoea. Mahoteli ya wenzake hayakumpokea. Migahawa waliyokula wenzake ilimfungia mlango. Baadaye alisimulia jinsi alivyovua jezi yake katikati ya mechi mbili za siku moja, akaitupa kwenye lundo pamoja na za wenzake, halafu mtunza vifaa akaichomoa kwa fimbo ili isiguse za wazungu, ikapelekwa kwa dobi wa watu weusi mbali na uwanja. Wenzake wakarudi uwanjani. Yeye akabaki amekaa uchi, anasubiri jezi.

Msimu huohuo, katika mazingira hayohayo, alipiga asilimia 34 ya mapigo yake na kuutoa mpira nje ya uwanja mara 29. Alikuwa na miaka 18.

Desemba 1957 Reds wakambadilisha kwenda St. Louis Cardinals. Hapo pia hakuulizwa, ila alikuwa dogo wa miaka 19, angesema nini? Akatulia, akapiga kazi. Matokeo yake ni haya: Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mdakaji bora wa nafasi yake, miaka saba mfululizo kuanzia 1963 hadi 1969. Timu ya mastaa mara tatu. Mwaka 1964 alifikisha mapigo halali 211, hakuna aliyemzidi kwenye ligi yao. Mwaka 1966 alicheza msimu mzima bila kufanya kosa hata moja la udakaji. Ukiunganisha na misimu ya jirani unapata mechi 226 mfululizo bila kosa. Cardinals wakabeba World Series mwaka 1964 mbele ya New York Yankees, na tena 1967 mbele ya Boston Red Sox.

Alikuwa na doa moja. Mwaka 1968, mechi ya saba na ya mwisho ya fainali dhidi ya Detroit Tigers, mpira ulipigwa kuelekea kwake, akausoma vibaya, akachelewa, ukampita juu. Wapinzani wakapata pointi mbili na Cardinals wakapoteza ubingwa. Mtu aliyedaka maelfu ya mipira akakosea mmoja, na ndio huohuo watu waliokaa wakiukumbuka. Mwaka uliofuata ndipo simu ilipoita.

KIFUNGU KILICHOMFUNGA MTU MAISHA

Ili kuelewa hasira yake, lazima ujue mikataba ya besiboli ilikuwaje zama zile. Kulikuwa na kifungu ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1879. Kwa lugha nyepesi kilisema hivi: mkataba wako ukiisha na hamjaelewana, timu ina haki ya kuuongeza kwa mwaka mmoja mwingine. Mwaka huo ukiisha, tena mmoja. Na mwingine. Mabosi walikitafsiri kwamba haki hiyo haina mwisho. Yaani ukisaini mara moja ukiwa kijana, wewe ni wao mpaka wakuuze, wakutupe au uzeeke.

Kwa mashabiki wa soka, pigeni picha: mkataba umeisha, dirisha la usajili liko wazi, timu tano zinakutaka, lakini hakuna hata moja inayoruhusiwa kuongea na wewe. Neno "mchezaji huru" halipo. Mshahara anaupanga bosi. Ukiukataa, unakaa nyumbani. Ila yeye akitaka kukubadilisha na mtu mwingine kesho asubuhi, anakubadilisha kama mbuzi wa mnadani, wewe utapewa taarifa tu.

Na sheria ilikuwa upande wao. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema besiboli haiguswi na sheria za nchi zinazokataza matajiri kula njama ya kuua ushindani. Mwaka 1953 ikapewa nafasi ya kujirekebisha, ikagoma. Biashara nyingine nyingi zilibanwa na sheria hizo. Hata ndondi na mpira wa miguu wa Kimarekani zilibanwa. Besiboli peke yake ikaachwa itambe.

Mabosi walikuwa na utetezi wao, na haki itendeke, usikilizwe. Walisema bila kifungu hicho timu tajiri zitanunua wachezaji wote wazuri, timu ndogo zitakufa, na mashabiki watachoka. Hoja hiyo inaingia akilini mpaka utakapouliza swali moja: kama shida ni timu tajiri kununua kila mtu, kwa nini gharama ya kuitatua abebeshwe mchezaji? Mbona bosi aliruhusiwa kuuza timu yake kwa bei na kwa mtu anayemtaka?

"DOLA 90,000 HALAFU UNALIA?"

Mwaka 1969 Flood alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka. Kwa wakati ule huo ulikuwa mkwanja wa maana. Philadelphia walikuwa tayari kumpa karibu dola 100,000. Kwa hiyo hakukimbia njaa na hakudai nyongeza. Nyongeza ilikuwa mezani, aliikataa.

Tarehe 24 Desemba 1969 akamwandikia barua Bowie Kuhn, kamishna aliyekuwa anasimamia besiboli yote. Barua ilikuwa fupi na ya adabu. Alimweleza kwamba baada ya miaka 12 ya kazi haoni kama yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake, na akaomba timu nyingine zote zijulishwe kwamba yuko tayari kusikiliza ofa zao. Kuhn akajibu kistaarabu, na jibu lilikuwa hapana.

Siku chache baadaye, Januari 1970, Flood akakaa mbele ya mtangazaji Howard Cosell kwenye televisheni. Cosell akamuuliza swali ambalo nusu ya nchi ilikuwa inalitaka: mtu anayelipwa dola 90,000 anawezaje kujiita mtumwa? Flood akajibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa.

Jibu hilo liliwakera watu kinoma. Magazeti mengi yakamshambulia. Barua za matusi zikamiminika. Aliitwa asiye na shukrani, aliitwa mharibifu wa mchezo. Ukiangalia kwa makini, kelele zile zinafanana kabisa na zinazosikika leo kila staa anapolalamikia mkataba. "Si analipwa? Si ana gari? Wangapi wanaitamani nafasi yake?" Kana kwamba mtu akishalipwa vizuri, mdomo wake nao umenunuliwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Mshahara unajibu swali la unakula nini. Haujibu swali la nani anaamua uende wapi. Mtu anaweza kulala kwenye kitanda cha bei mbaya, lakini kama ufunguo wa chumba anao mwingine, kitanda hakibadilishi kitu. Flood alikuwa mjukuu wa historia ambayo watu wa rangi yake waliuzwa kwa bei, kwa kuangaliwa misuli. Mwaka 1962 alikuwa tayari amekwenda Mississippi kusimama kwenye mkutano wa kudai haki za weusi, pamoja na Jackie Robinson. Mtu wa hivyo ukimwambia "tumekubadilisha", hasikii habari za michezo. Anasikia kitu kingine.

WENZAKE WALIKUWA WAPI?

Kabla ya kufungua kesi, Flood alikwenda kwa Marvin Miller, bosi wa chama cha wachezaji. Miller hakumdanganya. Alimwambia ukweli mchungu: uwezekano wa kushinda ni mdogo, kesi itachukua miaka, hutacheza tena, na usahau kabisa kuja kuwa kocha, kwa sababu mabosi hawatakusamehe. Flood akauliza kama kesi itawasaidia wachezaji wengine na watakaokuja baadaye. Miller akasema ndiyo. Flood akasema hiyo inamtosha.

Desemba 1969 wawakilishi wa wachezaji wa timu zote walikutana San Juan, Puerto Rico, wakamhoji, kisha wakakubaliana kwa kauli moja kwamba chama kilipe mawakili. Wakili wake mkuu akawa Arthur Goldberg, mtu aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu yenyewe. Mpaka hapo mambo yalionekana safi.

Halafu ikafika Mei 1970, kesi ikaanza kusikilizwa New York. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ukuta wa rangi kwenye ligi kuu mwaka 1947, alikuja kutoa ushahidi. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, macho yanafifia, na hakuwa anamdai mtu chochote. Alikuja. Hank Greenberg, staa wa zamani wa Detroit, alikuja. Bill Veeck, aliyewahi kumiliki timu, alikuja kusema dhidi ya mfumo uliomnufaisha.

Na wachezaji waliokuwa bado wanacheza? Hakuna hata mmoja aliyefika. Mamia ya watu waliofungwa na kifungu kilekile, ambao kesi ilikuwa inapiganwa kwa faida yao, hakuna aliyekuja hata kukaa tu kwenye benchi la nyuma. Baadhi ya mastaa walimpinga hadharani.

Ni rahisi kuwatukana leo ukiwa umekaa na simu yako. Haki ni kuwaelewa kwanza. Walikuwa na watoto. Walikuwa na mikopo ya nyumba. Bosi aliyekuwa anamsaga Flood ndiye aliyekuwa na kalamu ya mishahara yao, na kwa kifungu kilekile hawakuwa na pa kukimbilia. Woga wao ulikuwa na sababu. Lakini sababu haifuti matokeo. Mabosi walitazama viti vile vitupu wakajua wanapigana na mtu mmoja, na mtu mmoja huchoka.

BEI ALIYOLIPA

Na alichoka. Msimu wote wa 1970 hakucheza. Mshahara ukakatika, biashara zake zikayumba, akahamia Copenhagen, Denmark. Mwaka 1971 Washington Senators wakamrudisha kwa dola 110,000. Watu wakasema, haya, si karudi? Lakini mwaka mzima nje, na mawazo tele, unamaliza mwili. Alicheza mechi 13, akapata mapigo 7 tu. Aprili ileile akamtumia mwenye timu simu ya maandishi ya kuaga, akapanda ndege, akaondoka. Alikuwa na miaka 33. Hakucheza tena.

Akaishia kisiwa cha Majorca, Hispania, anaendesha baa, mwenyewe akizama kwenye pombe.

Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu. Majaji watano dhidi yake, watatu upande wake. Jaji wa tisa alijitoa kwa sababu alikuwa na hisa kwenye kampuni ya bia iliyomiliki Cardinals. Kilichouma zaidi ni kwamba majaji walioandika hukumu walikiri kuwa kuibagua besiboli na biashara nyingine ni jambo lisiloeleweka. Walikiri! Halafu wakasema kama limekosewa, basi Bunge ndilo lirekebishe, wao hawagusi. Mwandishi wa hukumu, Jaji Blackmun, alianza kwa kuisifia historia ya besiboli na kuorodhesha majina ya mastaa wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Mtu analia kwamba anamilikiwa, wewe unamsomea orodha ya wachezaji unaowapenda.

Hivyo ndivyo Flood alivyoshindwa. Alishindwa kabisa, si kwa pointi.

MATUNDA WAKALA WENGINE

Hapa ndipo wajuzi wa mambo huingilia kati na kusema, "Tusidanganyane, kesi yake haikuvunja kifungu." Wako sahihi. Kifungu kilivunjwa tarehe 23 Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru baada ya kucheza mwaka mmoja bila kusaini mkataba mpya. Alisema "mwaka mmoja" maana yake ni mwaka mmoja. Hoja rahisi namna hiyo, miaka karibu mia hakuna aliyeisikiliza.

Lakini jiulizeni, msuluhishi huyo alitoka wapi? Haki ya kupeleka malalamiko kwa mtu asiye wa mabosi iliingia kwenye makubaliano ya mwaka 1970, wakati kesi ya Flood inaunguruma na mabosi wanajitahidi waonekane ni watu wa kuzungumzika. Mwaka 1973 ikaja kanuni nyingine: mchezaji aliyefikisha miaka 10 kwenye ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa timu moja, ana haki ya kukataa kubadilishwa. Ukiipima na Flood wa Oktoba 1969, mwenye misimu 12 na Cardinals, inamkaa kama imeshonwa na fundi wake. Ndiyo maana watu waliiita kanuni ya Curt Flood. Imekuja miaka minne baada ya simu ile, yeye akiwa tayari nje ya mchezo.

Baada ya hapo fedha zikafunguka. Mwaka 1979 mrushaji Nolan Ryan akasaini mkataba wa dola milioni 1 kwa mwaka. Mwaka 1992 wastani wa mshahara wa mchezaji ulivuka dola milioni 1. Wastani, jamani, yaani mpaka wanaokaa benchi wamo kwenye hesabu. Na ligi iliyodaiwa ingekufa? Mwaka 1969 ilikuwa na timu 24. Leo ina timu 30.

Wapenzi wa soka wana Flood wao pia. Mwaka 1995 Mbelgiji Jean-Marc Bosman alishinda kesi iliyowapa wachezaji wa Ulaya ruhusa ya kuondoka bure mkataba ukiisha. Kila staa anayehama bure leo na kulamba donge la kusaini amepita kwenye mlango aliousukuma yeye. Tofauti ni kwamba Bosman alishinda mahakamani. Kinachofanana ni kwamba naye kesi ilimmalizia mpira wake, na maisha yakampiga baadaye. Shukrani ya punda ni mateke, na inaonekana punda wa michezo wana mateke makali zaidi.

DENI AMBALO HALIJALIPWA

Flood alirudi Marekani, mwaka 1978 akatangaza mechi za Oakland A's redioni, akapambana na pombe akaishinda, mwaka 1986 akamuoa mwigizaji Judy Pace. Alifariki Los Angeles tarehe 20 Januari 1997 kwa maradhi yaliyoanzia na saratani ya koo, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 59. Mwaka 1998 Rais Bill Clinton akasaini sheria yenye jina lake, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu haki ileile aliyoitafuta mahakamani mwaka 1970. Bunge lilichukua miaka 26 kufanya kazi ambayo majaji waliisukumia.

Sasa angalieni jumba la magwiji wa besiboli kule Cooperstown, New York. Bowie Kuhn, kamishna aliyemwambia hapana, yumo tangu 2008. Marvin Miller, bosi wa chama, alipigiwa kura mwaka 2019, yumo. Dick Allen, staa aliyebadilishwa naye katika dili lile la Oktoba 1969, alipigiwa kura Desemba 2024, yumo. Watu wa kila upande wa simu ile wamo. Aliyeipokea, hadi mwaka 2025, hayumo.

Wanaompinga wanasema takwimu zake hazitoshi. Alimaliza na mapigo halali 1,861 na wastani wa asilimia 29.3, ni nzuri lakini si za kutisha. Sawa. Lakini ni nani aliyezikata takwimu hizo? Mtu alisimama akiwa na miaka 31, Glavu ya Dhahabu bado ya moto mkononi. Miaka ambayo wengine walijazia namba, yeye alikuwa anailipia kesi ya wote. Kumhukumu kwa miaka aliyoitoa sadaka ni sawa na kumcheka fundi aliyelala nje kwa sababu nyumba yenu aliimaliza kabla ya yake.

Hata hivyo, sanamu na medali si jambo kubwa hapa. Mitandaoni watu wanapenda kumgeuza mtu kama Flood kuwa nukuu ya motisha: kuwa jasiri, simamia unachoamini, mwisho utashinda. Ni uongo mtamu. Flood alisimama na hakushinda. Alipoteza kazi, fedha, nyumba na miaka. Ukimwambia kijana "kuwa Flood" bila kumwambia hayo, unamwingiza mkenge.

Ujasiri haukuwa umepungua pale mahakamani mwaka 1970. Watu ndio walipungua. Wangekuja wachezaji ishirini tu wakakaa kimya kwenye benchi, bila kusema neno, hakuna ajuaye kesi ingeishaje, lakini angalau jamaa asingetembea korido zile akijiona chizi. Kila ofisi, kila timu, kila lebo ya muziki ina mtu mmoja anayeinua mkono kuuliza kifungu ambacho wote wamekisaini na hakuna aliyekisoma. Na kila mahali wapo wenzake wanaomwambia pembeni "tuko pamoja, kaka", halafu siku ya siku simu zao hazipatikani.

Hao ndio habari hii inawahusu. Flood alishafanya yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwaka 1970 ungekuwa mchezaji mwenzake, una mke, watoto na mkopo wa nyumba, ungeenda kukaa kwenye lile benchi? Dondosha jibu lako hapo chini, na uwe mkweli.